Kuhamia Dodoma na watoto: shule kwanza, nyumba baadaye

Barua ya uhamisho ya baba watoto ilitoka mwezi wa kumi: aripoti Mji wa Serikali, Mtumba. Sisi tulikuwa Tabata, na watoto watatu, mkubwa darasa la tano, wa kati darasa la pili, na kitinda mimba wa miezi kumi na mmoja. Tangu siku hiyo kila aliyepiga simu aliuliza swali lilelile, "Nyumba mmeshapata?" Shule hakuna aliyeiulizia. Nasi tukaingia mkumbo huohuo. Baba akatangulia, dalali akamwonyesha nyumba upande wa Nkuhungu, vyumba vitatu, vigae chini, geti jeusi linalong'aa, bei ya kupendeza. Akalipa miezi sita palepale. Shule yenye nafasi ya watoto wote wawili tukaja kuipata Kisasa. Ofisi iko Mtumba. Mwenyeji wa Dodoma hapo tayari anacheka.

Kwa asiye mwenyeji: Nkuhungu iko upande wa magharibi wa mji, Kisasa mashariki, na Mtumba iko mashariki zaidi, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Dar es Salaam. Gari la shule liliwapitia wanangu saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa mwisho wa njia. Wa kati alikuwa akipandishwa akiwa amelala, anaamka shuleni. Mwezi wa nne tukahama tena, na kodi ya miezi miwili ikabaki kwa mwenye nyumba, mkataba ulisema hivyo na tuliusaini wenyewe.

Huu ndio mpangilio tungeufuata kama tungeanza upya. Nimeuandika kwa Dodoma kwa sababu ndiko ninakokujua, na kwa sababu bado watu wanahamia kila mwezi.

1. Tarehe ya kuhama ipangwe na kalenda ya shule

Barua ya mwajiri inamhusu mfanyakazi. Watoto wana kalenda yao. Mwaka wa masomo unaanza Januari, na milango miwili ya kuhamia bila kumvuruga mtoto ni likizo ya Juni na ile ya Desemba. Desemba ni bora zaidi, maana mtoto anaanza darasa jipya siku moja na wenzake, na mwalimu wa darasa naye bado anajifunza majina ya wote.

Angalia pia mtoto yuko darasa la ngapi. Darasa la nne wana upimaji wa taifa Oktoba, darasa la saba wana mtihani wa kumaliza Septemba, na usajili wa mitihani hiyo hufanyika mapema ndani ya mwaka. Mtoto akishasajiliwa kwenye shule, kumhamisha ni kujitafutia safari za ofisi ya elimu ambazo hutazimaliza. Kama una mtoto wa darasa la saba, mwache kwa shangazi au mama mdogo amalize. Mzazi mmoja atangulie, mwingine abaki na watoto. Kuishi mikoa miwili miezi mitatu si talaka, hata kama mama mkwe ataliangalia hivyo.

2. Safari ya kwanza ni ya kutafuta shule, na uende mwenyewe

Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, safari ya kwenda kukagua si mzigo tena kama zamani. Unatoka Dar alfajiri, mchana uko mjini unatembelea shule. Nenda siku ya kazi, Jumanne au Jumatano. Jumamosi utakuta mlinzi na mbuzi.

Chora kwanza mstari wa maisha yako: kazi iko wapi? Wa Mtumba atafute shule kwenye mkono wa barabara ya Dar, yaani Kisasa, Nzuguni, Ihumwa na pembezoni mwake. Wa Chuo Kikuu cha Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa aangalie Iyumbu na Makulu. Wa katikati ya mji ana uhuru zaidi, kuanzia Area C na Area D hadi Ipagala na Miyuji. Hii si sheria, ila ukiivuka uwe unajua kwa nini unaivuka.

Shuleni, salamu kwanza, halafu omba kuonana na mwalimu mkuu. Usianze na "nafasi ipo?" Mimi nilikosea hivyo kwenye shule ya kwanza nikajibiwa "imejaa" kabla sijakaa. Ya pili nilijieleza: tunatoka Dar, mzee amehamishiwa hapa, watoto wawili, mmoja anaingia la sita na mwingine la tatu. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, akavuta daftari lake la mahudhurio, akapitisha kalamu kwenye ukurasa.

"La tatu nina mikondo mitatu, Mama. Wa kwako ataenda C. La sita ndiyo imebana, lakini kuna mmoja anahamia Singida. Njoo na namba zao za PReM, zile za mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi."

"Shikamoo nyingi, Mwalimu," nikamwambia, akacheka.

Ukiwa hapo, tumia macho. Waombe uzunguke. Angalia matundu ya vyoo na kama kuna maji ya kunawa. Dodoma ni mji wa mgao, na shule yenye tanki na shule isiyo na tanki ni shule mbili tofauti kabisa. Hesabu madawati ya darasa atakalokaa mwanao, halafu uliza idadi ya watoto; hesabu ya kugawanya fanya kichwani. Uliza wanatoka saa ngapi, na darasa la mtihani linabaki hadi saa ngapi. Uliza habari ya chakula, uji au makande, na wazazi walikubaliana kuchangia kiasi gani. Shule za serikali hazina ada tangu 2016, lakini ulinzi, chakula na mitihani ya majaribio vina michango yake inayopitishwa kwenye kikao cha wazazi, na mgeni asiyeuliza huwa anaambiwa siku ambayo mtoto amerudishwa nyumbani kuchukua hela.

Kwa shule binafsi, ongeza maswali manne: ada inalipwa kwa awamu ngapi, gari linafika mtaa gani, hela ya gari iko ndani ya ada au nje, na mtoto akihama katikati ya muhula mnarudisha nini. Jibu la swali la mwisho mara nyingi ni kukohoa kidogo. Wengi watampa mtoto usaili. Mpeleke akiwa ameshiba na amelala, si kumshusha kwenye basi na kumkalisha kwenye karatasi ya hesabu.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wenzangu hawapendi kulisikia. Kuhama mji kunawapa baadhi yetu hamu ya kubadilisha kila kitu kwa mpigo, mtoto aliyekuwa shule ya Kiswahili anapelekwa mchepuo wa Kiingereza "kwa kuwa tunaanza upya". Kwa mtoto wa chekechea au la kwanza, sawa. Kwa wa la tano, unampokonya marafiki, mtaa na lugha ya darasani ndani ya wiki moja, na mara nyingi shule itataka akariri darasa. Mwache atulie mwaka mmoja kwanza. Kiingereza hakihami.

3. Uhamisho wa mtoto uko kwenye mfumo

Zamani ulipewa barua na fomu ukazibeba mkononi. Sasa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PReM, na uhamisho unapitishwa humo. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: pata kwanza neno la mwalimu mkuu wa shule unayokwenda kwamba atampokea. Kisha rudi shule unayotoka, mwalimu mkuu wa huko ndiye anayeanzisha ombi. Usiondoke Dar kabla hujaambiwa kwa uhakika kwamba limeanzishwa, na andika namba ya PReM ya kila mtoto kwenye daftari lako mwenyewe. Simu hupotea.

Beba pia cheti cha kuzaliwa cha mtoto na nakala mbili tatu, ripoti za mihula miwili ya mwisho, picha ndogo, na kadi ya bima kama mnayo. Vyote viwe kwenye bahasha moja, na bahasha iwe kwenye mkoba wako wa begani. Yetu tuliifungia kwenye boksi la vyombo. Ilichukua siku sita kuipata, chini ya sufuria za biriani ambazo hata hatujawahi kuzitumia huku.

Kwenye mkoba huohuo weka kadi ya kliniki ya mtoto mdogo. Wangu alishachoma ya surua na rubela ya miezi tisa Dar, akawa anasubiri ya miezi kumi na minane. Zahanati yoyote ya mtaa unaohamia itamwendeleza ilimradi kadi ipo. Bila kadi utaanza kueleza kwa kumbukumbu, na muuguzi mwenye foleni ya akina mama hamsini hana muda na kumbukumbu zako.

4. Sasa nyumba, na nyumba maana yake maji

Shule ikishapatikana, chora duara kuizunguka: umbali ambao mtoto wa darasa la tatu anaweza kutembea bila kuvuka barabara kuu. Ndani ya duara hilo ndipo mwambie dalali atafute. Atakuambia kuna kitu kizuri sana mbele kidogo. Mbele kidogo ndiko tulikopotelea sisi.

Kuhusu dalali: kubalianeni mapema. Kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja nyumba ikipatikana, na wengine wanatoza hela ya kuonyesha hata usipochukua. Usitume pesa yoyote kwa picha za simu. Nyumba ya picha huwa na taa zote zinawaka na haina jirani mwenye baa.

Bei zimepanda na hazitashuka kesho. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini, ya 2022 ikakuta 765,179. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi, na maji yao mengi yanatoka kwenye visima virefu vya Mzakwe. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye nyumba haliwi vyumba vingapi. Uliza hivi: maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, yanatoka siku zipi? Yakitoka, yanapanda mpaka kwenye tanki au mnakinga uwani? Tanki ni la lita ngapi, na ni la kwako peke yako au mnashirikiana na wapangaji wengine? Halafu toka nje ukamwulize mpangaji wa nyumba ya pili maswali hayohayo. Linganisha majibu.

Sisi watano tunatumia ndoo nane za lita 20 kwa siku tukijibana, yaani lita 160. Simtanki la lita 1,000 linatufikisha siku ya sita. Kama mgao wa mtaa ni mara moja kwa wiki, siku ya saba unanunua kwa madumu. Fanya hesabu yako kabla ya kusaini, uone kama nyumba ya bei nafuu bado ni nafuu.

Ikiwa mwenye nyumba anajisifu ana kisima chake, onja. Visima vingi vya huku ni vya chumvi. Kipimo changu ni sabuni: beba kipande cha sabuni ya kufulia kwenye mfuko wa plastiki, omba maji kwenye bakuli, sugua mikononi. Maji yasiyo na chumvi yanatoa povu mara moja. Ya chumvi yanakataa, sabuni inateleza tu, na mikono ikikauka inabaki na unga mweupe kwenye mistari ya vidole. Dalali aliyekuwa nami alishangaa sana kuniona nanawa mikono kwenye kila nyumba. "Mama, wewe ni daktari?" Ya chumvi yanafaa kwa choo na kudeki. Nguo nyeupe za shule yanazigeuza rangi ya chai ndani ya muhula mmoja, na birika linaota ukoko.

Umeme nao una maswali yake. Je, nyumba ina LUKU yake, au mita moja kwa wapangaji watatu? Mita ya pamoja ni ugomvi wa kila wiki, kila mtu ana uhakika kwamba friji ya mwenzake ndiyo inayokula. Kama ni yako peke yako, nunua umeme wa hela ndogo papo hapo kabla ya kulipa kodi, usome risiti. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, na nyumba iliyokaa tupu miezi mingi ina limbikizo ambalo litakatwa kwa anayenunua kwanza, yaani wewe. Elewaneni kwa maandishi nani anabeba.

Na ardhi: Dodoma ni kavu karibu mwaka mzima, kwa hiyo ukija Agosti kila mahali panaonekana salama. Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na ikija inakuja kwa hasira. Mabonde makavu ambayo watoto wanachezea mpira yanageuka makorongo yenye maji kwa saa moja. Uliza maji ya Januari yanapita wapi, na angalia ukuta wa fensi kama una alama ya tope.

Mwisho, tembea. Saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu, kutoka mlangoni mwa hiyo nyumba hadi geti la shule, kwa mwendo wa mtoto. Mimi nilifanya hivyo kwa nyumba ya pili. Dakika kumi na nane, mbwa wawili, na kipande kimoja cha njia kisicho na nyumba ambacho kilinifanya nitafute mwenzao wa njiani kabla ya shule kufungua.

5. Mkataba

Hapa nitakuwa mfupi. Uwe wa maandishi, na ushuhudiwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kama inawezekana. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka. Omba mitatu, ukikataliwa lipa sita, usilipe mwaka kwenye mji usioujua. Kiwepo kifungu kinachosema ukihama mapema kodi iliyobaki inafanywaje. Lipa kwa benki au kwa simu ili ushahidi ubaki. Piga picha kila ufa, kila bomba linalovuja na kila kitasa kilichong'oka siku ya kuingia, mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo kwa ujumbe wenye adabu.

6. Mizigo

Familia ya vyumba vitatu inaenea kwenye Fuso moja na nafasi inabaki. Njia ya kupunguza gharama ni kutafuta lori linalorudi tupu, yapo mengi yanayoleta mazao Dar. Bei patana ikiwa na wapakuaji ndani yake, la sivyo utafika na vijana wanne watatokea kusikojulikana na bei yao. Kutoka kwenye lori hadi kwenye nyumba isiyofikika, Kirikuu moja inatosha kwa mizunguko miwili.

Usibebe kila kitu. Kabati la mbao zilizoshindiliwa halifiki zima. Feni beba, utaihitaji Oktoba. Chandarua beba. Sweta na blanketi nunua kabla hujafika kama una watoto wadogo: Juni na Julai upepo wa Dodoma usiku ni wa kutetemesha, na mtu wa Dar hana habari hiyo mwilini.

Siku ya kuhama watoto wasiwepo. Wape babu na bibi, au waje siku mbili baadaye na treni. Walio chini ya miaka minne hawalipi nauli, na wale wa minne hadi kumi na miwili ni nusu. Tengeneza chumba chao kwanza, kitanda na shuka walizozizoea, kabla ya sebule. Sebule inaweza kukaa na maboksi mwezi mzima, hakuna atakayelia usiku kwa sababu ya sebule.

7. Wiki ya kwanza mtaani

Siku ya pili au ya tatu nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujiandikishe kwenye daftari la wakazi. Huhitaji kusubiri shida. Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa utaitaka mara nyingi kuliko unavyodhani, benki, kumdhamini ndugu, hata kusajili kitu kidogo tu, na mwenyekiti anayekujua anaandika kwa dakika tano. Asiyekujua anakuuliza unaishi kwa nani, na "kwa mwenye nyumba wa Dar" si jibu.

Majirani usiwangoje. Nyumba yetu ya kwanza tulikaa ndani na geti limefungwa kama tulivyozoea, tukaishi miezi minne bila kujua jina la mtu. Ya pili nilipiga hodi nyumba tatu za karibu na sahani ya maandazi. Bibi wa nyumba ya kona, Mgogo wa hapohapo, alinifundisha kuitikia "Mbukwenyi!" akacheka mno nilivyoitamka. Jioni akaleta mlenda na ugali wa uwele. Wanangu waliuangalia ule mlenda ukivutika kutoka kwenye kijiko, wakaniangalia mimi. Niliwapa jicho. Wakala. Sasa wa kati anauomba mwenyewe.

Faida yake niliiona mapema: bibi ndiye aliyeniambia maji yanafunguliwa usiku wa Jumatano, si Alhamisi asubuhi kama mwenye nyumba alivyosema, na kwamba anayelala anakosa.

Soko: Majengo kwa vitu vya haraka katikati ya mji, Soko la Job Ndugai jirani na stendi ya Nanenane kwa manunuzi ya wiki, na Jumamosi mnada wa Msalato kwa nyama, ambayo pale inachomwa hapohapo na watoto wanasahau kabisa kwamba walikuwa wamenuna. Samaki wa bahari jizoeze kumkosa. Zabibu ndizo za kufidia.

8. Watoto wenyewe

Waambie mapema, na waambie ukweli. Mkubwa wetu alizisikia habari za kuhama kutoka kwa binamu yake, akanuna wiki nzima, na alikuwa na haki. Mpe kila mtoto uamuzi mmoja wa kweli: rangi ya pazia, kitanda kipi, nani aalikwe siku ya kuaga. Namba za simu za wazazi wa marafiki wawili watatu ziandike, na Jumapili wapigiane. Utadhani ni kuwachelewesha kuzoea. Kwa wangu ilikuwa kinyume, alikuwa na wa kumsimulia.

Wiki ya kwanza mpeleke mwenyewe hadi darasani, umsalimie mwalimu wa darasa kwa jina lake, umwambie kitu kimoja tu kuhusu mtoto, anachokipenda au kinachomtisha. Kimoja, si historia.

Wa kati alianza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Zahanati hawakuona kitu. Baada ya wiki tatu nikagundua kwamba Jumatatu ndiyo siku ya usafi wa mazingira, kila mtoto anakuja na dumu la maji, na yeye alikuwa akipewa dumu la lita tano lililojaa ambalo halimudu. Alikuwa analimwaga njiani, akifika anachekwa: "Mtoto wa Dar!" Tukabadilisha, dumu la lita tatu, na mjukuu wa yule bibi wa kona akawa mwenzake wa njiani. Tumbo likapona. Kwa hiyo mtoto akilalamika, uliza ratiba ya siku hiyo kabla ya kuuliza hisia zake. Na akiendelea kukosa usingizi, kukojoa kitandani au kukataa chakula zaidi ya mwezi, ongea na mwalimu na umpeleke hospitali, usiseme atazoea.

Hewa kavu na vumbi vitawasumbua miezi ya mwanzo: midomo inapasuka, kikohozi kikavu, pua inawasha. Mafuta ya mgando mdomoni na kwenye visigino kila usiku, maji ya kunywa kwenye chupa ya shule, na kudeki badala ya kufagia. Kikohozi kikizidi wiki mbili, hospitali.

9. Ya kuacha kwanza

Kiwanja. Utaambiwa kuhusu viwanja kabla hujamaliza kupakua Fuso, na fundi wa bomba naye atakuwa na kiwanja cha kaka yake huko Nala. Mji umepimwa sehemu kubwa tangu enzi za CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, na bado kuna maeneo yenye wenyewe watatu. Kaa mwaka mmoja, ujue mvua inapita wapi na watoto wanasoma wapi, halafu ukaanzie ofisi ya ardhi ya Jiji, na si chini ya mti.

Tiketi za Desemba hilo usiliache. Mkitaka kurudi Dar Krismasi, kateni mapema, kila mtu na kitambulisho chake, maana nusu ya mji huu ina kwao kwingine na wote wanaondoka wiki ileile. Kabla ya kufunga mlango, jaza tanki, na mwachie jirani ufunguo wa geti ili Jumatano usiku afungue bomba.